Aliyefukuzwa jeshini naye apewe mlango wa rufaa

Mfanyabiashara anayepakia mzigo Kismayu kwenda Lamu huuliza mambo matatu kabla ya kutoa pesa: chombo kina hali gani, bahari ina hali gani, na nani atalala na mzigo. Jibu la swali la tatu mara nyingi ni mtu aliyewahi kuvaa magwanda. Huyo amezoea kukesha. Anajua kuzungumza na askari wa kizuizini bila kupandisha sauti, na akisikia mlio anajua kama ni wa kukimbia au wa kupuuza. Kuanzia Koyama, Chovai na Chula mpaka Birikau na Ras Kamboni, biashara ya miaka mingi imepita mbele ya watu wenye silaha, na aliyewahi kushika silaha kwa amri halali ana thamani yake.

Lakini mtu huyo huyo akitafuta kazi ya kuandikishwa, iwe kampuni ya ulinzi, bandari, shirika la misaada au udereva wa lori linalovuka mipaka, huulizwa karatasi moja: barua ya kuachishwa jeshi. Ikisema amemaliza muda wake kwa nidhamu, mambo ni mepesi. Ikisema amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, au ikiwa na ule mstari mmoja mfupi kwamba huduma zake hazihitajiki tena, mazungumzo huishia hapo. Anarudi kwenye kibarua cha usiku, analipwa mkononi, na jina lake haliandikwi popote. Mwenye mzigo naye anabaki na mlinzi asiye na bima wala mkataba, na siku mzigo ukipotea hana wa kumshika.

Swali ambalo serikali za Afrika Mashariki hazijalijibu ni hili: barua hiyo ikiwa imeandikwa kwa makosa, kwa hasira ya mkubwa, au kwa kutoelewa ugonjwa wa aliyeandikiwa, inarekebishwa wapi? Haitoshi kusema aende mahakamani. Mahakama ni mlango wa mwenye wakili. Kinachokosekana ni utaratibu wa kawaida, unaojulikana, ambao askari wa zamani aliyeko Kiunga au Kizingitini anaweza kuutumia kwa kujaza fomu na kuambatanisha ushahidi wake, akajibiwa kwa maandishi.

Kwa pwani hii si suala la nadharia. Vikosi vya Kenya viliingia Somalia Oktoba 2011, na tarehe 28 Septemba 2012 wanajeshi wakashuka ufukweni karibu na Kismayu, mji ukatoka mikononi mwa al-Shabaab. Tangu hapo ujumbe wa Umoja wa Afrika umebadilishwa jina mara mbili, AMISOM ikawa ATMIS Aprili 2022, na ATMIS ikawa AUSSOM Januari 2025. Zamu zimepokezana mwaka baada ya mwaka. Katika zamu hizo kulikuwa na El Adde, tarehe 15 Januari 2016, ambako kambi ya Wakenya ilivamiwa alfajiri, na serikali haijatoa hadharani hesabu kamili ya waliokufa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikafuata Kulbiyow, huku huku Juba ya Chini. Wapo waliotoka maeneo hayo wakiwa hai, wakarudi kambini nyumbani, na wakaanza maisha mengine kabisa.

Daktari yeyote wa akili anajua maisha hayo yanavyokuwa. Usingizi unakatika. Pombe inakuwa dawa. Mtu anapewa likizo ya siku kumi na nne anarudi siku ya thelathini, au anajibu ofisa kwa maneno ambayo mwaka uliotangulia asingethubutu kuyatoa. Kwenye daftari la kikosi hayo yote yana jina moja, utovu wa nidhamu. Kosa limetendeka kweli, hakuna anayebisha. Ila daftari halina safu ya kuandika kwamba miezi sita kabla ya kosa hilo mtu huyu alikaa siku mbili kichakani akisikiliza wenzake wakimalizwa mmoja mmoja.

Sheria ya Kenya kuhusu mambo haya ina ajabu moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi Mombasa iliwahukumu kifungo cha maisha waliokuwa wanajeshi wa majini zaidi ya ishirini kwa kosa la kutoroka jeshi. Watu hao walikuwa wameondoka kazini miaka kadhaa nyuma na kwenda kufanya kazi za ulinzi Mashariki ya Kati. Wao walijitetea kwamba waliomba kuacha kazi. Jeshi likasema walitoroka huku nchi ikiwa vitani Somalia. Hukumu ilikuwa nzito kiasi cha kushtua nchi nzima. Hata hivyo, kwa sababu kulikuwa na mashtaka, mashahidi na hukumu, walikuwa na njia: rufaa kutoka mahakama ya kijeshi huenda Mahakama Kuu, na wao waliifuata njia hiyo.

Sasa mtazame askari ambaye hakushtakiwa kabisa. Ameitwa ofisini, amepewa barua, ameambiwa arudishe vifaa na atoke getini kabla ya magharibi. Hakuna hukumu ya kukatia rufaa kwa sababu hakuna kesi iliyosikilizwa. Sheria ya Ajira ya 2007, inayomlinda mpishi wa hoteli na karani wa forodha, inasema wazi kwamba haiwahusu wanajeshi. Malalamiko ndani ya jeshi hupitia kwa wakubwa, na yeye si wa jeshi tena. Anabakiwa na ombi la kikatiba, akitegemea Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inayompa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za serikali na kupewa sababu kwa maandishi. Haki hiyo ipo kweli. Kuifikia kunataka wakili, nauli na miaka. Kwa hiyo, aliyedaiwa kosa kubwa akafungwa ana rufaa ya wazi, na aliyedaiwa kosa dogo akafukuzwa kimya kimya hana.

Miaka hiyo huwa mingapi? Kenya ina mfano wake. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Jeshi la Anga lilivunjwa lote. Likaitwa '82 Air Force, na jina lake la zamani halikurudi mpaka 1994. Waliokuwa ndani yake walitawanyika: wengine walinyongwa au kufungwa kwa makosa yaliyothibitishwa, wengine waliwekwa kizuizini kisha wakatolewa na kuambiwa waende zao, bila kazi na bila jina zuri. Aliyekuwa kamanda wa jeshi hilo, Meja Jenerali Peter Kariuki, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi 1983 kifungo cha miaka minne kwa kushindwa kuzuia uasi. Alipokwenda mahakama za kiraia baada ya miaka mingi, Mahakama Kuu ilikubali kwamba haki zake zilivunjwa na ikampa fidia, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaiongeza fidia hiyo ikawa shilingi milioni 15. Kutoka 1983 hadi 2014 ni miaka 31. Huyo alikuwa jenerali. Koplo aliyefukuzwa mwaka ule ule, mwenye watoto wa kusomesha na shamba la kulima, angepata wapi nguvu ya kusimama kizimbani miaka 31?

Marekani, ambayo haikosi dhambi zake katika jambo hili, ilikwisha pita njia hiyo na ina la kufundisha. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza jeshini askari weusi 167 wa kikosi kilichokuwa Brownsville, Texas, baada ya ufyatuaji risasi usiku mjini. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani. Wote waliandikiwa kwamba wameachishwa bila heshima, wakapoteza pensheni na haki ya kazi za serikali. Uamuzi huo ulibatilishwa 1972, wakati karibu wote walikuwa makaburini. Dorsie Willis, aliyeishi mpaka kukishika cheti chake kipya, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 85 ambaye alitumia umri wake mwingi kung'arisha viatu katika kinyozi cha Minneapolis.

Leo askari wa Marekani aliyeachishwa vibaya ana bodi ya kupitia upya barua za kuachishwa. Anaweza kuiandikia ndani ya miaka 15, bila kulipa ada, na muda huo ukipita ipo bodi nyingine ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Anaweza kuomba kusikilizwa ana kwa ana. Bodi ya kwanza haiwezi kugusa kufukuzwa kulikotokana na hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi, na waombaji wengi hukataliwa, hilo nalo lisemwe. Lakini mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza bodi zinazosahihisha kumbukumbu zitazame kwa upole maombi ya wale ambao makosa yao huenda yalitokana na majeraha ya akili ya vita, akianzia na wazee wa Vietnam waliofukuzwa kabla ugonjwa huo haujapewa jina. Askari wa El Adde hana cha kulinganisha na agizo hilo. Ugonjwa wake una jina tayari, na bado anahesabiwa mkorofi.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kismayu wenyewe, mambo yamefungamana zaidi. Askari wa Jeshi la Taifa la Somalia la kabla ya 1991 hana hata pa kupeleka barua yake, kwa kuwa dola iliyomwajiri ilianguka pamoja na Siad Barre Januari mwaka huo na ofisi zake zikaporwa. Wabajuni waliokimbia visiwa vyao miaka hiyo kwenda Lamu, Malindi na Mombasa waliacha kila kitu nyuma, hati zikiwemo. Wazee wa aina hiyo hawadai kurudishwa kazini. Wanataka pawe na mahali panapoweza kusema kwamba fulani alitumikia, na kwamba hakuondoka kwa kosa.

Kisha kuna askari wa leo. Novemba 2024 Jubaland ilifanya uchaguzi wake ambao Mogadishu haikuutambua, kila upande ukatoa hati ya kumkamata kiongozi wa mwenzake, na Desemba mapigano yakazuka Ras Kamboni kati ya vikosi vya Jubaland na vya serikali ya shirikisho. Vya shirikisho vilishindwa, na mamia ya askari wakajisalimisha au wakavuka kuingia upande wa Lamu. Wenye maduka ya Kiunga waliona vijana wenye sare waliochoka na wenye njaa. Askari wa namna hiyo huandikwaje? Katika daftari moja anaweza kuwa mtoro, katika jingine mwasi, na katika la tatu mtu aliyefanya busara asife bure. Makamanda wakipatana, kama makamanda wanavyopatana siku zote, wao watarudishiwa vyeo. Askari wa chini atabaki na neno lililoandikwa siku ile ya hasira, na Kismayu na Mogadishu kila moja itasema daftari la mwenzake haliitambui.

Yupo mfanyabiashara atakayeuliza kwa nini amwonee huruma askari aliyefukuzwa. Ana haki ya kuuliza. Pwani hii imeyaona mengi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku ununuzi wa mkaa wa Somalia Februari 2012. Mji wa Kismayu ulipotekwa mwaka huo huo, wachunguzi wa Umoja huo waliripoti kwamba mkaa uliendelea kutoka bandarini. Jeshi la Kenya lilikana kunufaika. Vyovyote iwavyo, mwenye jahazi anayakumbuka malipo aliyotozwa na nani alinyoosha mkono. Kwingineko makosa yalikuwa ya damu: Agosti 2021 wanajeshi wa Uganda waliua raia Golweyn, Shabelle ya Chini, na mahakama ya kijeshi iliyoketi Mogadishu ikawatia hatiani watano. Hakuna anayetaka barua za watu kama hao zipakwe chokaa.

Lakini hapo ndipo hoja ya mapitio inapopata nguvu. Daftari la sasa halitofautishi. Askari aliyetoza mashua na askari aliyekataa kumgawia mkubwa wake wanaweza kutoka getini siku moja na barua zinazofanana neno kwa neno. Mfanyabiashara anayetaka mlinzi mwaminifu hana njia ya kumjua yupi ni yupi, isipokuwa kwa kuuliza barazani. Chombo kinachofungua jalada, kikaita mashahidi na kuandika sababu, kitamthibitishia mwizi wizi wake na kumtoa mwaminifu katika kundi la wezi. Anayeogopa mapitio ni aliyeandika barua akijua haina ushahidi.

Jeshi nalo lina hoja yake. Nidhamu haiendeshwi kwa kura, na kamanda aliye mstari wa mbele hawezi kufanya kazi akihofia kila amri itapelekwa mbele ya mawakili. Hoja hiyo ni ya kweli vitani. Haina uzito miaka mitatu baadaye, wakati mhusika ni raia anayetafuta kibarua na kinachoulizwa ni maneno yaliyomo kwenye karatasi. Kubadilisha maneno hayo hakumrudishi mtu kambini wala hakumpokonyi kamanda uwezo wa kumwondoa asiyefaa. Mahakama ya Juu ya Uganda ilipoamua tarehe 31 Januari 2025 kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia, wapo waliotabiri jeshi litayumba. Uamuzi ule ulihusu raia, lakini somo lake kuhusu nani anafaa kumhukumu nani linawafikia pia wanaovuliwa sare.

Somalia ilikubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023 na ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 2010, inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kutafuta kazi nchi nyingine, na inaziruhusu serikali kumzuia kwa sababu za usalama wa umma. Barua mbaya ya jeshi ni sababu ya usalama iliyo tayari mkononi mwa ofisa yeyote wa uhamiaji. Nchi wanachama zilitia saini pia Itifaki ya Ushirikiano wa Ulinzi mwaka 2012. Zinafanya mazoezi pamoja na kubadilishana mafunzo. Kukubaliana juu ya maana ya barua ya kuachishwa si kazi ngumu kuliko kutua kwa meli za kivita ufukweni.

Kenya ianze, kwa kuwa ndiyo yenye vikosi Juba ya Chini na ndiyo inayofukuza watu wanaorudi kuishi pwani hii. Bunge liunde bodi ndogo iliyo nje ya mlolongo wa amri, yenye ofisa mstaafu, mwanasheria wa kiraia na daktari wa akili, na imwite mwombaji kwa gharama yake yenyewe. Iketi Mombasa na Garissa, isikae Nairobi tu. Kila anayeachishwa apewe sababu kwa maandishi siku anayotoka, pamoja na karatasi inayomweleza namna ya kuomba mapitio, kwa Kiswahili. Muda wa kuomba uwe mrefu, kwa sababu anayeugua akili hajui anaugua mpaka miaka ipite. Ule wa miezi miwili unaotakiwa na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha haumsaidii mtu ambaye bado hajaweza kulala usiku. Na aliyepewa barua mpya, ile ya zamani iondolewe kwenye kumbukumbu zote, pamoja na zile polisi wanazozitazama wanapotoa cheti cha tabia njema. Hapo ndipo watu wengi hukwama hata baada ya kushinda kesi.

Kwa Kismayu na Mogadishu, la haraka ni kufanya askari wa Ras Kamboni wa Desemba 2024 wasiandikwe watoro kwa jumla. Kila mmoja atazamwe peke yake. Makubaliano yoyote ya kisiasa kati ya pande hizo mbili yawe na kifungu cha askari wa chini, na kiandikwe kabla ya kile cha vyeo vya makamanda.

Vyama vya wafanyabiashara vina sauti hapa kuliko vinavyodhani. Mei 2023 Kenya ilitangaza kufungua tena vituo vya mpaka vya Mandera, Liboi na Kiunga kwa awamu, na Julai ikaahirisha kwa sababu ya mashambulizi. Siku kituo cha Kiunga kitakapofunguliwa, mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 atataka ule utaratibu mwepesi wa cheti cha asili unaotumika kwenye mipaka mingine ya Jumuiya, na serikali itamwambia kwanza usalama. Usalama huo utahitaji walinzi, madereva na mabaharia wanaoijua njia ya Ishakani hadi Birikau na waliowahi kufunzwa kazi. Wapo. Wengi wao sasa hivi wanalala juu ya magunia ya watu wengine, na barua zao zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni zisilowe.